Mwenyekiti wa Materniti

Kabla hajakusalimu wewe, alisalimia samaki wako. Ungekuwa umeketi na beseni lako pale bichi ya Karungu, Mwenyekiti angekuja, akainama, akachagua ngege mmoja, akamtia kidole gumba mdomoni na kuufungua. Alichungulia ndani kwa jicho moja. Akikuta mdomo mtupu, alimrudisha samaki mahali pake, akafuta kidole kwenye suruali, ndipo akauliza habari za nyumbani. Akikuta mayai, au vile vitoto ambavyo ni macho matupu, siku hiyo hakumwuliza mtu habari yoyote. Alinyanyuka na kutazama mashua zilizovutwa ufuoni, moja baada ya nyingine, na wenye mashua wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Ngege jike hulea watoto wake mdomoni. Hutaga kwenye maji ya kina kifupi, akayaokota mayai na kukaa nayo kinywani bila kula mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakishajua kuogelea, wakiona kivuli hukimbilia mdomoni kwa mama. Haya niliyasikia kwa Mwenyekiti mara nyingi mno, hivi kwamba nikiwa bado shule ya msingi ningeweza kumkatiza na kumalizia mwenyewe. Sisi watoto wa wauza samaki tulimwigiza nyuma ya mabanda. Mmoja alikuwa ngege, anatumbua macho na kufurisha mashavu. Mwingine alikuwa Mwenyekiti, anamfungua mdomo na kumkagua meno. Mama yangu alitukuta siku moja akacheka mpaka akashika ukuta. Nalisema hili mapema, kwamba mama yangu alimpenda yule mzee na kucheka kwa ajili yake, kwa sababu huko mbele sina mengi ya kuchekesha.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bichi, basi. Si cheo kikubwa. Alikuwa na banda la mabati, meza, na mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Lakini wake zake wote wawili walimwita Chairman, watoto wake walimwita Chairman, na nadhani hata alipojisemesha peke yake, jambo alilolifanya sana, alijiita hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kusimamia upimaji wa samaki, kusuluhisha ugomvi wa nyavu, na kuchunga Materniti.

Materniti ilikuwa kona ya ghuba, upande ule wenye mafunjo, ambako maji hayamfiki mtu mzima kifuani. Ngege walikwenda huko kutaga. Kamati ilipazungushia mitungi ya plastiki iliyoelea kama mpaka, na ikapiga marufuku wavu wa aina yoyote ndani yake, masika na kiangazi. Jina la kitaalamu lilikuwepo, refu, limeandikwa kwenye kibao. Ni wanawake wa bichi walioanza kupaita Materniti kwa utani, kama wodi ya wazazi, na mwishowe hata maofisa wa samaki walipokuja na viatu vyao vya mpira walijikuta wakisema Materniti.

Mwenyekiti alipenda kufundisha, na hakuchagua wanafunzi. Mbele ya banda lake aliweka karai kuukuu lililojaa maji, na ndani yake mmea mmoja wa gugumaji. Tukipita kwenda shule alituita tuangalie. Mmea mmoja ulizaa mwingine ubavuni, miwili ikawa minne, na ikafika asubuhi karai lote ni kijani, huoni maji. Tukadhani somo limekwisha.

"Sasa ngojeni," akasema.

Tukangoja. Majani yakaanza kugeuka njano, mimea ya katikati ikaoza, maji yakanuka hadi muuza mandazi akahamisha jiko lake.

"Hakuna mtu aliiua," alisema Mwenyekiti. "Ilizaana mpaka ikamaliza chakula yote kwa karai. Na nyinyi mnafikiria ziwa ni nini? Ni karai tu. Ni vile hamuoni ukingo wake."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake la siku zote. Kila kitu chenye uhai ukikipa nafasi na chakula kitazaana bila kuomba ruhusa, na kila kitu kina mahali kitakapogota: chakula kimekwisha, hewa majini imekwisha, ugonjwa umeingia, au kuna anayekula. Alikuwa na hadithi ya fulu, wale samaki wadogo wa rangi ambao bibi zetu walikula, na ya mbuta, yule sangara mkubwa, aliyeletwa ziwani akawakuta fulu wamejaa. Mbuta akala, akazaana, akawa mkubwa, watu wakamsifu. Fulu walipoadimika akageukia omena, dagaa wa kwetu. "Na omena ikipungua," alisema Mwenyekiti, "mbuta inakula watoto yake. Fungua tumbo ya mbuta siku hizi, utapata mbuta ndogo." Alisimulia hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja habari za jirani.

Sasa, mtu huyu wa karai alikuwa na watoto ambao hata yeye aliwaita kwa kukosea majina. Wanawake hawakumwacha apumue.

"Chairman, na kwako karai haijajaa?" wangemwuliza.

"Watoto yangu hawakuli kwa ziwa. Wanakula kwa jasho yangu."

"Na jasho inatoka wapi? Si ni kwa hiyo hiyo ziwa?"

Hapo angecheka, akapiga paja, akamnunulia aliyeuliza chai. Hakuwa mtu wa kununa kwa utani. Aliununia ukweli, na hiyo tofauti nilichelewa kuiona.

Kule Lambwe, karibu na uzio wa mbuga, alikokaa mke wake mdogo, alifuga mbuzi. Aliwajua mmoja mmoja, nani mzao wa nani, na hakuuza wala hakuchinja ila kwa kusukumwa na mgeni mzito. Mbuzi wakaongezeka. Wakamaliza nyasi, wakaingia vichakani, wakamenya magome ya miti, wakafika kwenye paa la nyasi la jiko. Mkewe alimwambia, majirani wakamwambia. Kilipokuja kiangazi kirefu wale mbuzi walilala mmoja mmoja, hawakuinuka tena. Mama yangu alinichukua tukaenda kumpa pole, kwa maana kwake ule ulikuwa msiba hasa. Tulimkuta kwenye kigoda uani, harufu imetanda, hajanyoa ndevu.

"Chairman," mama alimwuliza kwa upole, "si wewe ndio ulitufundisha mambo ya karai?"

Alimwita mama yangu Nyar Kadem, binti wa Kadem, kwa kuwa kwetu mwanaume humwita mwanamke kwa upande alikozaliwa. "Nyar Kadem," akasema, "ile ilikuwa gugu. Hizi zilikuwa zangu."

Nimelikumbuka jibu hilo kuliko masomo yake yote.

Lakini nisimfanye mwoga, maana hakuwa mwoga kwa mambo yaliyoonekana. Alichoma nyavu za macho madogo hadharani, katikati ya bichi, moshi wa nailoni ukitukohoza sote, na siku alipokamata wavu wa mkwe wake mwenyewe aliuchoma vilevile, binti yake akilia pembeni na mtoto mgongoni. Aliingia majini peke yake kufukuza mashua yenye watu wazima wanne. Katika safari moja kama hiyo alipigwa kasia upande wa kushoto wa kichwa, na tangu siku hiyo sikio la kushoto likafa kabisa. Alirudi kazini kichwa kikiwa bado na bandeji. Tulizoea haraka: ukiwa na neno la maana na Mwenyekiti, simama kulia kwake. Yeye naye alizoea. Akiletewa jambo asilotaka, la mtu kuomba asamehewe wavu kwa mfano, aligeuza kichwa polepole mpaka muombaji akajikuta anaongea na sikio lililokufa. Wake zake walikuwa wakimzunguka kama kuku ili kubaki upande wa kulia. Bichi nzima ilicheka.

Alikuwa Msabato wa kweli. Tangu jua lituapo Ijumaa hadi Jumamosi jioni hakugusa kasia wala mizani, na wezi wa samaki, ambao nao walijua kalenda, waliingia Materniti siku ya Sabato kama wanaokwenda sokoni. Jambo hilo lilimtesa. Aliliombea kanisani. Dawa aliipata kwa baba yangu, aliyekuwa Mkatoliki na mvuvi mwenye mashua moja. Wakapatana: Jumamosi baba anachunga, Jumapili baba yuko misani na Mwenyekiti yuko majini. Hakuna aliyemlipa baba kwa kazi hiyo. Alipeleka mashua yake pale penye mafunjo, akaketi siku kutwa na radio ndogo na chupa ya uji, na akirudi jioni hakuwa na hata mkia wa samaki wa kutuonyesha. Mama alilalamika, kisha akaacha. Kwa miaka ile Materniti ilikuwa na ulinzi wa madhehebu mawili na ngege walijaa ghuba, wakatoka wenyewe nje ya mitungi, wakaingia kwenye nyavu za halali za kila mtu. Watu walijenga nyumba za mabati kwa samaki hao. Mimi nilisoma sekondari kwa samaki hao.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa figo, nikiwa kidato cha pili.

Kwa asiyejua matanga ya kwetu itabidi niyaeleze. Marehemu analiliwa na watu wengi, na watu wengi hula. Hasa wakwe: hao huja kwa kundi, hukaa pao peke yao, na wakila vibaya habari hiyo itasimuliwa mpaka na wajukuu. Ng'ombe wa siku ya mazishi alikuwepo. Lililotusumbua ni zile siku za kabla, wageni wakimiminika na ziwa likiwa limechafuka kwa upepo, mashua zinarudi na omena tu. Jamaa walinong'ona. Alasiri ile nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mama, mlangoni mwa nyumba, yeye amevaa kanzu yake ya msiba nyuma mbele, kama ilivyo desturi ya mjane, tunasikia kila neno linalosemwa uani.

Mwenyekiti akasimama. Hakuna aliyemwita asimame.

"Huyu jamaa amechunga ile mahali miaka yote," akasema, "na hajawahi kula samaki yake hata moja. Kesho tutafungua Materniti. Mara moja tu. Wageni wake wakule."

Watu wakapiga makofi, matangani. Nilimsikia mama akiuliza chini kwa chini, "Nani amemwomba?"

Shangazi yangu akamkanya. "Wewe nyamaza. Mtu ametoa heshima."

Nataka lieleweke hilo, kwa kuwa hadithi nzima inasimama hapo. Mama yangu hakuomba. Alikuwa mjane wa siku chache, ameketi sakafuni, na swali lake la pekee lilikuwa hilo.

Kesho yake samaki waliletwa kwa mikokoteni. Niliwapara pamoja na shangazi zangu ufuoni, na walikuwa majike wakubwa, wanene, ambao sijapata kuona tena. Tulipowashika, waliachama, vitoto vikamwagika kwenye beseni, vingi, vikazungukazunguka humo vikitafuta mdomo wa kurudi. Nilianza kuvichota kwa kikombe kuvirudisha ziwani. Shangazi akaniambia niache mchezo, wakwe wana njaa. Wakwe walikula, wakasifu. Kwa miaka mingi watu walisema baba yangu alizikwa vizuri.

Haukupita muda mrefu akafa mvuvi mwingine, mtu mwema, na wanawe wakaenda kwa Mwenyekiti. Akawakatalia. Wakamwuliza swali moja tu: "Kwani mzee wetu alikuwa mbwa?" Akafungua. Akaweka sharti kwamba ni kwa wavuvi peke yao. Wajane wa wavuvi wakafa, na je, mke wa mvuvi si mvuvi? Akafungua. Wakafa baba wakwe. Zikaja maiti kutoka Nairobi, za watu waliokuwa hawajakanyaga bichi tangu walipokuwa wadogo, lakini kitovu chao kilizikwa Karungu. Zikaja sherehe za ukumbusho, ambako kaburi la aliyekufa lilikwisha kulimwa juu yake. Kila mara Mwenyekiti aliweka sharti jipya, na kila mara palikuwa na msiba uliolizidi hilo sharti kwa kidogo tu. Na nani ataweka mpaka hapo? Watu hawaachi kufa.

Mambo yakawa ya aibu hata kuyasimulia. Familia moja iliacha mwili mochari Homa Bay majuma kadhaa, si kumsubiri ndugu kutoka ng'ambo, bali kwa sababu Materniti ilikuwa imetoka kuvuliwa kwa matanga mengine na ngege walikuwa bado hawajakua. Familia nyingine mbili ziligombana kuhusu nani atangulie kuzika. Matanga yenye waombolezaji wa kujaa hema moja yalihitaji mashua tatu za samaki, na kesho yake samaki wa marehemu walionekana kwenye barafu kule Kendu Bay wakiuzwa kwa kilo. Siku za Jumamosi, ambazo baba hakuwepo tena kuzichunga, wezi hawakuhitaji hata marehemu.

Na Mwenyekiti alihudhuria. Hilo ndilo lililonichoma hata nilipokuwa msichana. Angekuja kwenye kila matanga, akaenda moja kwa moja pale wanawake wanapopara, akainama, akafungua mdomo wa samaki na kuchungulia. Sote tulijua alichokuwa anakiona. Majike walikuwa wanapungua umbo, wanabeba watoto wangali wadogo wenyewe, kama wanaoharakisha kabla hawajafikiwa. Alikuwa ametufundisha yeye mwenyewe kwamba samaki akivuliwa sana huzaa akiwa mdogo. Angemrudisha samaki kwenye beseni, akafuta kidole, akaenda kuketi na wazee kusubiri chakula.

Ghuba ilipokauka samaki, uliitishwa mkutano bichi. Wenye mashua walikuja na hasira zao, na ofisa wa samaki akaketi mbele. Mtu akauliza: nani alianzisha mambo ya kufungulia matanga? Mama alikuwa nyuma, ameketi juu ya beseni lake lililogeuzwa, na mimi nilikuwa nimerudi likizo, nimesimama kando yake. Niliona Mwenyekiti anatutazama. Alitutazama vizuri, kisha akaangalia meza.

"Mjane alinililia," akasema. "Mimi pia niko na roho. Nyinyi mngekataa machozi ya mjane?"

Wanaume wakaguna kwa huruma. Kwake, si kwa mama. Nikafungua mdomo, mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi akaniacha na alama. Tulifika nyumbani, akavua viatu.

"Akisema ni yeye, watamtoa leo," akaniambia. "Akitoka, nani amebaki wa kuchunga? Wacha waseme ni mimi. Mimi sina kiti ya kunyang'anywa."

Sijawahi kukubali hesabu hiyo. Ila ndiyo aliyoipiga, na aliilipia. Kuanzia wiki ile walimwita Mama Materniti. Ukikosa samaki, kamwulize Mama Materniti, mumewe alizikwa vizuri. Vijana waliozaliwa baada ya baba kufa walikua wakijua kwamba ziwa lilimalizwa na mwanamke mmoja wa kukaanga samaki aliyetaka kujionyesha mbele ya wakwe. Walimwambia hivyo wakicheka, huku wakimwuzia omena. Naye alicheka nao. Nilimwuliza mara moja kama Mwenyekiti amewahi kumwambia pole kwa jambo lile. Akasema, "Ananisalimia vizuri sana."

Kweli alimsalimia vizuri. Alimletea mihogo kutoka Lambwe. Alimtengenezea mlango ulipong'oka. Wema wake kwetu ulizidi tangu siku ya mkutano, na mimi kila nilipoona gunia la mihogo mlangoni nilitaka kulitupa ziwani. Walimtoa uenyekiti uchaguzi uliofuata, kwa hiyo hata kile mama alichokinunua kwa jina lake hakikudumu. Mitungi ya Materniti ikakatwa kamba, ikatumika kuchotea maji. Siku hizi ukisimama pale unaona vizimba vya chuma vya watu wa kutoka mbali, samaki wamejazwa humo wanalishwa chakula cha gunia, na maji yakichafuka kutoka chini wanaelea wote pamoja, matumbo juu. Karai, angesema yeye.

Mimi nilihamia Migori, nikafungua hoteli ndogo karibu na stendi. Wateja hupenda samaki, nami nawapa wa katoni, wale wanaokuja wamegandishwa kutoka ng'ambo, kwa sababu ndio waliopo. Mtu anakula, analamba vidole, anauliza kama ni wa Karungu. Namwambia ndiyo.

Mama alifariki mwaka jana hospitalini Homa Bay. Tulimpeleka nyumbani, na matangani tulipika kuku, ng'ombe, na katoni za samaki nilizobeba kwenye pikapu kutoka Migori. Hakuna aliyekwenda kuomba pafunguliwe popote. Hapakuwa na cha kufungua.

Mwenyekiti alikuja. Alikuwa amekonda, koti lake limemzidi, lakini mwendo wake ulikuwa uleule wa mtu anayekagua. Mshereheshaji alimpa nafasi ya kusema neno kama jirani wa siku nyingi. Jeneza lilikuwa mbele yake chini ya hema. Wale vijana wa "Mama Materniti" walikuwa wamejaa viti vya nyuma. Nilisema moyoni, sasa. Hana kiti, hana kamati, hana anachoogopa kupoteza, na mama amelala pale.

Aliongea kwa muda mrefu. Aliongea juu ya ngege anavyolea watoto mdomoni. Aliongea juu ya fulu na mbuta. Alisema ziwa ni karai. Alimsifu baba, akasema mama alikuwa mkarimu, alipika samaki vizuri. Watu wakaanza kutazama simu. Mshereheshaji akamkaribia kwa adabu na kumpokea maikrofoni, kwa kuwa padri alikuwa amefika na anavaa mavazi yake.

Nilikwenda nyuma jikoni. Baada ya kidogo akanifuata, akaketi juu ya mtungi wa maji na kusema hajala tangu asubuhi. Nikampakulia ugali na samaki mzima. Akaishika sahani magotini. Akamtia samaki kidole gumba mdomoni, akaufungua, akachungulia kwa jicho moja.

"Hakuna kitu huko," nikamwambia. "Hiyo ni ya katoni."

"Najua, nyathina," akasema, kwa vile bado kwake nilikuwa mtoto wake. "Ni mazoea."

Akala matonge machache. Alitafuna polepole, meno yamepungua. Kisha, akiwa bado anatazama sahani, akasema, "Mama yako hakuniomba."

"Najua. Nilikuwa nimekaa na yeye kwa mlango."

"Hiyo siku watu walikuwa wananiangalia. Nikasema ile kitu roho ilinituma. Baadaye kwa mkutano, nikaogopa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia maneno, na yote yakapotea. Lililobaki lilikuwa dogo.

"Chairman, umeshika maikrofoni pale, hukusema."

"Ilikuwa na kelele hiyo maikrofoni."

"Misa haijaanza. Jeneza bado iko juu. Wale vijana wako pale wote. Rudi useme hiyo tu, vile umeniambia. Hakuniomba. Maneno mawili tu, kisha ukuje umalize chakula yako."

Aliacha kutafuna. Alitazama upande wa hema, ambako wanakwaya walikuwa wanajaribu sauti. Nilimwona akiinua sahani kidogo toka magotini, kama anayetaka kusimama, na nikanyoosha mkono nimshikie sahani. Kisha akaishusha tena mapajani, akamega ugali, akachovya.

"Niongezee supu kidogo," akasema.

Nikamwambia tena, taratibu, nikiinama ili asipitwe na neno. Nikamwambia tafadhali. Alikula. Aligeuza kichwa polepole, vile alivyokuwa akiwafanyia wenye nyavu, mpaka nikawa naangalia sikio lake la kushoto, lenye kovu la kasia.

Nikazunguka mtungi, nikasimama kulia kwake, nikasema kwa mara ya tatu. Akageuza kichwa tena.